Mwaka Bi Felista Alipotaka Kuchanjwa Msalaba

Mwezi uliopita tulikutana wale tuliobaki wa kwaya ya zamani, nyumbani kwa mwenzetu mmoja upande wa Mbweni. Tulikuwa katikati ya pilau alipoingia mjukuu wake wa kiume, kavaa fulana isiyo na mikono, na begani kachora tatuu ya msalaba. Meza ikachafuka. Mmoja akasema mwili wa Mkristo ni hekalu na hekalu haliandikwi ukutani. Mwingine akamjibu kwamba hekalu lake yeye limepakwa rangi ya kucha na ya nywele, na hakuna aliyelalamika. Wakacheka, wakabishana, mwisho wakanigeukia mimi, kwa kuwa tangu ujana ndiye niliyejulikana kwa kubisha kila kitu. "Haya Dora, tuambie. Mkristo achore, asichore?" Walishangaa nilipoendelea kula. La kusema nilikuwa nalo, ila lingehitaji kuanza mbali, mwaka 1970, na pilau ingepoa.

Mwaka ule nilirudi Unguja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, nikapangiwa kufundisha sekondari hapa mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na sikukubali kitu mpaka nikipindue nitazame chini yake. Kanisani nilikwenda kwa ajili ya kwaya tu. Mkate wa meza ya Bwana nilikuwa nimeacha kupokea, na nilimwambia yeyote aliyeuliza kwamba siwezi kula jambo nisilolielewa. Nilipanga chumba Kikwajuni kwa mama mmoja wa kanisani kwetu, Bi Felista, mtu wa bara aliyekaa Unguja tangu ujana wake. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na kuta zake hazikufika kwenye paa, kwa hivyo mtu akigeuka kitandani chumba cha mwisho, wa chumba cha mwanzo alijua. Vumbi la majumba yaliyokuwa yakijengwa Michenzani liliingia kila mahali, hata ndani ya chungu cha uji. Chakula kilikuwa cha foleni. Siku tulizokosa mchele tulikula muhogo wa kuchemsha na papa wa kuchoma, na Bi Felista alisali juu ya muhogo ule kwa urefu uleule ambao angesali juu ya biriani. Mimi nilingojea amalize, mkono uko tayari. "Kula, mwanangu," aliniambia. "Nshasali kwa ajili yetu wote wawili."

Mumewe, Yohana, alikuwa kibarua katika shamba la mikarafuu la serikali huko Kizimbani. Wiki nzima alilala shambani, Jumamosi mchana akaja mjini na mdalasini mfukoni na muhogo begani, na Jumatatu alfajiri akarudi. Huko shambani hakuna aliyemjua kwa jina la Yohana. Msimamizi wa kwanza alimwita Juma kwa sababu ndilo jina lililomjia upesi, na Juma akabaki. Alikuwa ametahiriwa kama wanaume wote wa kwao, pombe hakunywa, na Jumapili hakuwepo shambani hata mtu ajue anakwenda kusali wapi. Hakumdanganya mtu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza asichoulizwa.

Asubuhi moja alianguka kati ya mikarafuu, akafa hapohapo. Shamba lilimtuma mtu mjini kumtafuta mjane, naye akazunguka Kikwajuni nzima akimuulizia mke wa Mzee Juma, jina ambalo mtaani kwetu halikuwa na mwenyewe. Habari zilipotufikia jua lilikuwa limeshazama. Kesho yake tulipanda lori la shamba, mimi na Bi Felista, tukapokelewa na jirani wa marehemu, mzee aliyeitwa Haji Vuai. Alitukalisha barazani kwake, akatuletea maji na ndizi, kisha akaeleza kwa sauti ya mtu aliyetimiza jambo zito na anataka mwenye haki yake ajue limetimizwa.

"Tumemuosha kwa mikono yetu, bi mkubwa, mimi na wanangu. Sanda nimetoa mimi, ile nliyojiwekea mwenyewe sandukuni. Tumemsalia msikitini, watu walijaa mpaka nje. Kabla ya alasiri alikuwa keshalala. Hakucheleweshewa haki yake hata kidogo."

"Ahsante sana, baba," akasema Bi Felista. Akakunja ncha ya kanga yake. "Lakini mume wangu alikuwa Mkristo."

"Nani? Juma?"

"Yohana."

Sijapata kuona uso wa mtu mwema ukibadilika vile. Mzee Haji alikaa chini sakafuni mbele yetu, akajishika kichwa. "Wallahi hatukujua. Mtu amekufa, tumemvua nguo, tumemtazama. Hana alama yoyote. Tungeona hata kialama kidogo, bi mkubwa, tungengojea." Akasema kama tunataka, atakwenda kwa wakubwa wa msikiti awaulize iwapo maiti anaweza kutolewa. Bi Felista akamwambia hapana, mwache, asisumbuliwe mara mbili. Tukapelekwa kaburini. Lilikuwa limesafishwa vizuri kuliko mengi ya kwetu mjini. Nilitazama midomo yake nikidhani atasali, lakini alisimama tu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Hapa hata siku ya mwisho wakimwita, watamwita nani?"

Kwa muda hakulizungumza tena jambo lile. Kisha siku moja, tukiwa tunakula, akaweka kijiko chini. "Dora, mimi sina mtoto. Ndugu hapa kisiwani sina. Jirani zangu wote ni watu wema kama yule Haji."

"Ndiyo."

"Basi hao ndio wanaonitia khofu. Wangekuwa wabaya wangeniacha mpaka Padre afike." Akacheka, lakini macho hayakucheka. Akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza, kiganja juu, akagusa kifundo kwa ndani. "Nataka nichanjwe msalaba. Hapa. Nkifa, mtu akinivua, auone. Nshushwe kwa jina nililobatizwa nalo."

Nilimuuliza kama Mungu wake hawezi kuwajua walio wake mpaka aone wameandikwa. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaouliza swali ili wasikike wakiuliza. "Mungu ananijua. Wanaoshika jembe ndio hawanijui."

Mtaa wa nyuma aliishi mzee wa Kimakonde, fundi Lukanga, mchonga vinyago, ambaye bado aliwachanja chale watu wa kwao waliotaka. Uso wake mwenyewe ulikuwa na mistari toka paji mpaka kidevu. Alikuja kuutazama mkono wa Bi Felista, akaubonyeza kama anayenunua embe. "Ngozi bado nzuri. Na dawa gani nitie?"

"Dawa sitaki. Masizi tu."

"Chale bila dawa? Mama, hiyo si chale, hiyo ni picha." Akacheka mpaka akakohoa. Ndipo Bi Felista akamwambia angoje kwanza. Yeye ni mtu wa kanisa, atakwenda kumweleza Padre. Nilimwambia asiende. Nilimwambia ukiomba ruhusa ya jambo lililo la kwako, unampa mwenzio nguvu ya kukunyima. Akaniambia kaburi analolitaka liko mkononi mwa kanisa, sasa ataliibaje?

Padre Edmundi alilipeleka jambo kwa wazee wa kanisa. Walikutana baada ya misa, katika chumba cha nyuma kilichonukia mishumaa na nguo zilizokaa sana kabatini, na Bi Felista akaomba mimi nimsemee. Mwalimu Barnaba, katekista wetu, akaanza kwa kusoma kutoka sheria za Musa pale panapokatazwa kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema mama huyu hajichanji kwa ajili ya mfu yeyote, ila kwa ajili ya walio hai wasikosee. Nikasema tena kwamba mstari wa jirani yake, ukurasa uleule, unakataza kunyoa pembe za ndevu. "Na wewe Mwalimu Barnaba, naona leo umenyoa vizuri sana." Wazee wawili wakacheka, Barnaba akajishika kidevu. Nilijiona nimeshinda.

Padre hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kuvua miwani alipotaka kusema jambo zito. "Dorothea, chuo kikuu kimekufunza kuigonganisha mistari. Mimi simwangalii Musa, naangalia wembe. Nyinyi nyote mnajua chale katika nchi hii ni nini. Mtu anachanjwa, anapakwa dawa, asipatwe na jini, asirogwe, apendwe na mume. Miaka yote ninawaambia watu hawa kwamba Kristo anatosha. Leo nikiruhusu msalaba, wembe ni uleule, masizi yaleyale, fundi yuleyule. Kesho nani atajua chini ya msalaba kimepakwa nini?"

"Mama amesema hataki dawa."

"Yeye hataki. Wa pili je? Na yeye mwenyewe, huo msalaba si ameshaufanya dawa? Anaogopa, anataka kitu mwilini kimlinde. Hiyo ndiyo hirizi, mwanangu." Akavaa miwani. "Atakayechanjwa, meza ya Bwana hataikaribia." Na kila mtu mle ndani alijua kanuni iliyofuata, ambayo hakuitamka: aliyetengwa na meza hazikwi na kanisa. Msalaba ule ulikuwa wa kumpatia Bi Felista maziko yake, na sasa ndio utakaomnyima. Nilitoka nje kwa hasira. Hoja yake ilikuwa nzito, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku chache baadaye Padre alikuja nyumbani mchana. Nilikuwa chumbani nikisahihisha madaftari, na kama nilivyosema, kuta zetu hazikufika juu. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, kisha sauti yake, ya chini kuliko ile ya kanisani.

"Felista, alinijia mtu wa tawi la chama. Kaniuliza Wakristo wa Kikwajuni wanajitia alama gani. Wako wangapi. Na mkubwa wao nani."

"Ee Mungu. Nani kawaambia?"

"Bomba la maji liko palepale, na wanawake wanachota kila siku. Sijui nani. Nkamwambia hakuna jambo kama hilo. Sasa nataka liwe kweli kwamba hakuna. Unajua watu wanavyoitwa siku hizi wakaeleze mambo madogo kuliko haya. Wengine mpaka leo wanaeleza."

Kisha Bi Felista akasema, "Kumbe anayekataza si Mungu. Ni tawi."

"Mungu anakataza pia. Usinichanganyie."

Nilikaa na kalamu mkononi. Mimi nilikuwa nimebishana juu ya ndevu na mtu ambaye mlangoni kwake hodi ilikuwa imeshapigwa. Hata leo nikikumbuka mabishano ya ujana wangu, najiuliza mara ngapi tulikuwa tukijibiana maneno ya juu tu, na jambo lenyewe limekaa chumba cha pili likitusikiliza. Padre alipoondoka nilitoka, nikamwambia Bi Felista sasa aache, hatari hii si yake peke yake. Aliosha kikombe, akakifuta, akakiweka mahali pake. Kisha akasema, "Kila mtu ananionesha sababu ya kufa bila jina, na kila sababu ni nzuri."

Alichanjwa Jumatano asubuhi, uani, amekaa mkekani, ameuma ncha ya kanga. Mimi nilimshika kiwiko. Lukanga alifanya kazi bila haraka, mkato mfupi baada ya mkato mfupi, akifuta damu kwa kitambaa, akapaka masizi ya mbegu za mbarika alizozichoma na kuzisaga. Alizungumza muda wote juu ya bei ya mpingo. Msalaba wenyewe haukuzidi urefu wa kidole gumba. Nilimuuliza Bi Felista kwa nini alichagua pale, ambapo jua na macho ya watu vitapaona kila siku, badala ya bega au kifua. "Nlimuuliza Bi Mwanakhamis," akasema. Huyo alikuwa jirani yetu, mwoshaji wa maiti za wanawake. "Kaniambia wanaanza upande wa kulia. Basi asifike mbali kabla hajauona."

Bi Mwanakhamis mwenyewe alikuja jioni kuutazama mkono uliovimba. "Mwanamke wewe una wazimu," akamwambia. "Si ungeniambia tu mimi?"

"Na ukiwa umekwenda Pemba kwa mwanao?"

Bi Mwanakhamis akafikiri. "Basi," akasema, "nipe huo mkono niukande."

Jumapili ile nilikaa na kwaya nikiwa siwezi kuimba. Katika kanisa letu mkate hupokelewa mikononi: mtu hupiga magoti mbele, kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, vyote vimefunguka. Niliona kosa letu sote wakati Bi Felista alipokwisha kuinuka kwenye benchi. Mahali alipopachagua kwa ajili ya waoshaji ndipo hasa patakapomtazama Padre usoni. Angeweza kukaa nyuma. Angeweza kuteremsha mkono wa gauni. Alipiga magoti mwishoni mwa mstari, akanyoosha mikono, na gauni likarudi nyuma lenyewe.

Padre alifika kwake, mkate u tayari katika vidole vyake. Akasimama. Akaurudisha kwenye sahani, akampita, akaenda kumhudumia mtu wa mstari uliofuata. Bi Felista hakuinuka. Watu wakaja, wakapiga magoti pembeni yake, wakaondoka, yeye yupo, mikono imefunguka. Kinanda kikamaliza ubeti wa mwisho kikaanza tena wa kwanza. Walipokwisha wote, Padre alirudi akainama mbele yake. Kwaya ilikuwa karibu, tulisikia kila neno.

"Felista, nitakuzika mimi. Nakuapia mbele ya altare hii. Lakini mkate siwezi."

"Na ukitangulia wewe, Padre?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza gari litapita saa ngapi. Padre akainuka. Kisha akampa Barnaba sahani aishike, akamshika Bi Felista kifundo cha mkono, akauinua juu, akawageukia watu. Mkusanyiko wowote siku zile ulikuwa na masikio yake, na sisi sote tulijua, na yeye alijua zaidi.

"Huyu ni Felista, mjane wa Yohana aliyekuwa Kizimbani," akasema kwa sauti ya kufika nje. "Alama hii mnaiona. Kanisa halikumruhusu, na mimi sikubaliani naye. Lakini ni alama ya maziko yake. Haina siri, haina kundi, haina mkubwa. Anayetaka kuuliza zaidi aniulize mimi, asimuulize mwingine." Akaushusha mkono ule polepole, kama kitu cha kuvunjika, akarudi altareni. Mkate hakumpa.

Jumatatu asubuhi watu wa tawi wakamwita Padre. Barnaba alikuja mbio kutuambia, na Bi Felista hakungoja amalize. Alivaa viatu, akatoka. Padre alipofika ofisini alimkuta keshakaa kwenye benchi la nje, mkono wa gauni ameukunja mpaka kiwikoni. "Rudi nyumbani, hukuitwa," akamwambia. "Lakini mkono umeitwa," akamjibu. Wakaingia wote wawili. Mimi nilikaa kivulini ng'ambo ya barabara, nisiyesali, nikihesabu mabati ya paa lile kwenda na kurudi, hadi walipotoka mchana, wazima, wakatembea pamoja hadi Kikwajuni mimi nikiwafuata nyuma.

Kanuni ile haikufutwa. Jumapili iliyofuata Bi Felista alipiga magoti palepale, na Padre akampa mkate bila neno, wala hakuwaeleza wazee kwa nini, nao hawakuthubutu kumuuliza. Nimesoma mengi tangu wakati ule juu ya alama za mwili na imani, na kila mwandishi alikuwa na hakika yake. Mimi sijaipata ya kwangu. Nikiulizwa, namkumbuka zaidi Padre Edmundi akila muhogo mezani kwetu mwishoni mwa mwaka ule, akitusimulia yaliyotokea ndani. Ofisa alikuwa kijana, mwenye adabu, na hilo lilimtisha Padre zaidi. Aliutazama mkono wa Bi Felista kwa muda, kisha akamwambia Padre aoneshe wa kwake. Padre akakunja mikono yote miwili ya kanzu. Hapakuwa na kitu.

"Kama hii ni ya Wakristo," ofisa akauliza, "mbona wewe mkubwa wao huna?"

Padre alisema alikuwa na mistari tayari kichwani, aliyoiandaa njia nzima, na hakuna hata mmoja uliokuja. Aliyejibu alikuwa Bi Felista.

"Yeye akifa, baba, kuna watu wa kumjua."